Sifuri ya Chumba cha Nne

Jumatano, 10 Agosti

Hili sijamwambia mtu. Jana sikuweka alama pale Kukhu aliponituma.

Nimeamka, nimemtilia dawa ya macho, nimechemsha chai. Kama kawaida.

Kukhu ni mama ya mama yangu. Macho yake yameisha, kwa hivyo nilimsaidia kupiga kura. Niliapishwa nitunze siri yake. Kwa udiwani alininong'oneza, "Chanuo." Hiyo ni alama ya rafiki yake Mama Nekesa, msusi wa Kenyatta Market. Nikawekea yule kijana wa mabango makubwa. Mama Nekesa hawezi kushinda, mbona tupoteze kura? Na moja itabadilisha nini? Mimi mwenyewe nina miaka kumi na minane na sikujiandikisha.

Alhamisi, 11 Agosti

Kijana ameshinda. Kwa maelfu. Hakuhitaji kura yangu.

Yaani, ya Kukhu.

Ijumaa, 12 Agosti

Pale shuleni tulipopigia kura matokeo yamebandikwa milangoni, kila chumba na karatasi yake. Mama Nekesa amezisoma zote. Yeye alipigia chumba cha kwanza. Chumba cha nne, cha Kukhu, amepata sifuri.

Amekuja jioni. Hakukaa.

"Kukhu, hata moja? Si ungenipea hiyo moja tu nisiaibike?"

Kukhu akacheka. "Enda usome tena. Yangu iko hapo."

"Nimesoma mara mbili."

Nilikuwa naosha sufuria. Niliendelea kuiosha hata ilipokuwa safi.

Jumamosi, 13 Agosti

Kila Jumamosi Mama Nekesa humpeleka Kukhu kliniki ya macho, Upper Hill. Leo hakuja. Kukhu alimngoja na kitambaa kichwani, mkoba magotini, mpaka saa sita. Nikasema nitampeleka mimi. Akakataa.

Sasa anaambia majirani wa ploti nzima ameibiwa kura. Wanacheka.

"Kukhu, nani aibe kura moja?" wanamuuliza.

"Moja ndiyo nilikuwa nayo," akasema.

Najichukia. Nilitaka kusema. Nikaenda kuanua nguo.

Jumapili, 14 Agosti

Amenituma nimpigie pasi gauni la kanisa. Si la leo. Ni la kesho, anaenda ofisi ya uchaguzi kulalamika. Mimi ndiye wa kumshika mkono na kumsemea. Mimi.

Nimepiga pasi mikono, kola, pindo. Nimelitundika. Sijasema.

Ploti imetulia, wengi hawajatoka kanisani. Nasikia fimbo yake kwa korido, inagusa ukuta, inakuja. Siku zote daftari hili hukimbilia chini ya godoro. Sijui kwa nini, na yeye haoni.

Leo nimeliacha wazi magotini. Hawezi kusoma.

Itabidi nimsomee.