Askari Mwenye Beleshi

Mahajanga, Jumapili, siku ya tisa ya Mfungo Saba. Leo natimiza miaka miwili na miezi minne tangu nitoke Nosy Be.

Kaka Madi,

Salamu zikufikie huko uliko. Ni wapi, Mungu anajua. Sisi hata kaburi hatukuonyeshwa. Nakuandikia kwa Kiswahili cha chuo cha Kurani kwa sababu ndicho pekee nilichofundishwa kuandika. Kimalagasi nakisema kutwa, Kifaransa nakisikia nikitukanwa, lakini kalamu yangu inajua njia moja tu. Ukikuta nimekosea, nicheke kama zamani.

Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Napakia magunia ya mchele na mafurushi ya ngozi bandarini, na harufu ya ngozi haitoki hata nikioga mara mbili. Mama naye, huko nyumbani, ni mzima, ila amepungua sana tangu ile barua ya serikali ilipokuja kusema umekufa vitani Ufaransa. Hapiki tena samaki wa nazi. Anasema mlaji hayupo. Siku moja kabla sijaondoka nilimuuliza, kwani mimi si mlaji? Akanirushia mwiko.

Sasa nikueleze lililonikalisha niandike.

Miezi mitatu iliyopita Mzungu wa bohari, ninayemfanyia kazi, alinikuta napiga alama za rangi kwenye masanduku. Akaitazama mistari yangu, akaniita ofisini. Kulikuwa na sanduku lililotoka Ufaransa, limejaa majani makavu, na ndani ya majani sanamu ndogo za askari, za madini ya risasi, hazijapakwa rangi, urefu wa kidole changu cha kati. Kila mmoja kashika bunduki. Akasema Wazungu wa mji wanataka kuzipanga kwenye kabati la kioo, moja kwa kila mtu wa upande huu aliyeuawa vita vile. Orodha ina majina thelathini. Niache magunia, nizipake.

Nilifurahi, nisikufiche. Nilikaa kivulini nyuma ya bohari na brashi ya nywele tatu. Koti rangi ya vumbi, kofia nyekundu, mkanda mweusi mwembamba kama uzi. Kila nilipofika kwenye mkanda nilikusikia: "Vuta pumzi, piga mstari, ndipo upumue." Ulinifundisha hivyo tulipokuwa tukiandika nambari kwenye mabehewa ya kiwanda cha sukari, mimi nikitetemeka na wewe umenishika kiwiko.

Msa, Mngazija ninayebeba naye mizigo, alikuwa akipita na gunia kichwani ananipigia saluti. "Jemadari! Jeshi lako limekula leo? Liambie lije litusaidie hapa!"

Siku ya tatu nikamwomba Mzungu anisomee jina lako kwenye orodha, nijue yupi ni wewe. Akapitisha kidole juu hadi chini. Hukuwemo. Akafungua daftari jingine, akasema, "Huyu kafa hospitali, kwa ugonjwa wa kifua. Hapa ni waliouawa na adui." Akalifunga.

Nilikubali, kaka. Nimezoea kukubali. Nikarudi kwenye brashi yangu.

Jumapili iliyofuata nilipanda kivuko kwenda Katsepy. Kuna mtu huko aliyekuwa kikosi kimoja na wewe, amerudi bila vidole vitatu vya mguu, baridi ilivila. Sikwenda kuuliza habari za kifo. Nilitaka kujua tu kama mikanda yenu ilikuwa myeusi au ya kahawia. Mtu yule akacheka mpaka akakohoa.

"Mkanda? Mimi nilijifunga kamba! Na bunduki tulipewa siku ya kupigwa picha, jioni wakazikusanya. Tulichopewa ni mabeleshi."

Akanieleza mlivyochimba njia kwenye tope, mvua na theluji, ili mizinga ya wenzenu ipite. Mabomu yaliwafikia hapo hapo mlipokuwa, na hamkuwa na cha kujibu. Akasema ulikuwa ukihesabu mapigo ya beleshi kwa sauti, moja, mbili, tatu, na ukifika kumi na mbili unasema, "Mbovu hiyo!" Kikosi kizima kikawa kinasema na wewe. Mbovu hiyo! Hata siku uliyobebwa kwenda hospitali walikuwa wakiisema. Wala hawakujua ni nini.

Mimi najua. Behewa nambari kumi na mbili, lenye gurudumu la kupinda, lililotuangusha sote wawili kwenye mtaro na ndoo ya rangi juu yetu.

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua. Halafu nikapanda kivuko kurudi, na kabla ya kufika ng'ambo nilikuwa nimeshaamua.

Sanduku lile lilikuwa na sanamu thelathini na moja. Ya mwisho ilifika imevunjika, bunduki imekatika mikononi, na Mzungu aliniambia niitupe baharini. Sikuitupa. Ilikuwa ya askari aliyeinama kumchoma mtu kwa kisu cha bunduki. Nikakata bati la mkebe wa samaki, nikalikunja, nikatia mpini wa waya, nikampa mikononi. Ungemwona! Mwili ule ule, mgongo ule ule, lakini sasa anachimba. Nikampaka rangi vizuri kuliko nilivyowapaka wote thelathini. Badala ya mkanda nikamchorea kamba.

Siku ya kupanga kabati nikamsimamisha mwisho wa mstari. Mzungu akainama kwenye kioo.

"Huyu ni askari gani, ana beleshi?"

"Ni kaka yangu, bwana. Ndilo alilopewa."

Akamtoa, akaniwekea kiganjani, akasema kazi ya rangi imekwisha, nirudi kwenye magunia. Sikuomba radhi. Msa akanipokea kwa kelele zake, "Jemadari, wamekuvua cheo?" Nikafungua kiganja. Akatazama, halafu akaninyanyulia gunia langu.

Nilimtuma baharia wa kwetu amwambie Mama kuwa nakuleta ukiwa sanamu. Jibu lake likarudi kali: "Picha yenye macho hailali nyumbani kwangu. Uso wa mwanangu ninao mwenyewe." Basi nikayafuta macho niliyokupaka. Umeinama, unatazama unapochimba, hakuna atakayeona kuwa hayapo. Nadhani atakupokea.

Na hutakuja peke yako. Yule mtu wa Katsepy amenitajia wenzako wanne waliokufa kwa kifua kama wewe, nao hawamo kwenye kabati. Msa ananikusanyia vipande vya risasi vinavyozamisha nyavu, kutoka nyavu zilizochakaa. Nimekugandamiza kwenye udongo wa mfinyanzi nikapata umbo lako, na humo namimina risasi iliyoyeyuka. Wa kwanza alitoka na mguu mmoja, nikamyeyusha. Wa pili amesimama. Wamebaki watatu, na mikono yangu imechoka kwa mizigo, lakini nitawamaliza. Nakuahidi hivyo, na mabeleshi yao pia, kila mmoja na lake.

Nitawapanga juu ya kasha la Mama, nami nitawahesabu kwa sauti, nirudie mpaka nifike kumi na mbili. Atauliza ninacheka nini. Nitamweleza habari ya behewa, mtaro na ndoo, na jinsi kikosi kizima cha watu wasiotujua kilivyokuwa kikilitaja kwenye theluji. Labda siku hiyo atapika samaki wa nazi.

Pumzika, kaka. Beleshi liweke chini sasa, nitalishika mimi.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa Rajabu. Wewe utakaa mfuko wa kushoto, wenzako wanne wa kulia, na tutafika nyumbani kabla Ramadhani haijaandama.

Mdogo wako,
Kombo