Mwenye Hisa na Foleni

Mjukuu wangu Dama,

Marahaba, mwanangu. Huku Kisauni hatujambo. Mamako amepona mguu, na mjomba wako amehamia Mkomani.

Wauliza, ukinunua hisa katika kampuni ya mikate ya wenzako huko Eldoret, utakuwa na amri gani? Nikueleze yaliyotupata ujanani mwangu.

Sisi akina mama wa Ziwa la Ng'ombe tuliunda kampuni, tukanunua mashine ya kusaga mahindi. Tulitaka unga wa karibu na faida kidogo. Rafiki yangu Kadzo alikuwa na hisa nyingi kutushinda sote, ingawa hazikufika nusu. Kwa kazi ya kusaga tulimwajiri Riziki.

Siku moja Kadzo aliipita foleni na debe lake. "Nisagie mimi kwanza. Mashine ni yangu."

"Mashine ni ya kampuni, mama," Riziki akamjibu. "Wewe una hisa tu. Panga foleni, ama ukanishtaki mkutanoni."

Kadzo alimshtaki kweli, akataka afukuzwe. Niliona uzito kumpinga rafiki yangu, lakini nilipiga kura Riziki abaki, na wengi wakafanya vivyo hivyo. Kadzo akaninunia.

Basi habari zikaenea kwamba kwetu kila mtu husagiwa kwa zamu yake. Wateja wakaongezeka. Faida ilipogawanywa, fungu kubwa likawa la Kadzo. Alilitazama, kisha akanishika mkono.

"Mwenzangu," akasema, "kumbe siku ile ulinipigia kura mimi."

Nyanyako,
Umazi