Magauni Yaliyobaki Sandukuni

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke, maana dada yangu nilipomweleza alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na mimi jambo hili linanikosesha usingizi. Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za watoto tu, kazi niliyoifanya na marehemu mke wangu katika chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, yeye akikata na mimi nikishona, na miaka ile wateja hatukujua tuwaweke wapi, mama anaingia na kitambaa kilichokatwa kwenye jora moja na watoto watatu nyuma yake, anasema, "Fundi, shona kubwa, atakua," basi wote watatu wanatoka na maua yaleyale, wa kike magauni ya kola pana, mikono ya puto na mkanda wa kufunga nyuma, wa kiume kaptula na shati, na pindo tunalikunja pana ili mama alifumue kidogo kila mwaka mpaka gauni limfikie mdogo mtu. Mtoto hakuulizwa kitu, alisimamishwa juu ya stuli akapimwa na kuambiwa atulie. Kisha ikaja mitumba, zikaja jinzi za watoto wa chekechea na fulana za katuni, zikafuata nguo za kumetameta, na siku hizi mtoto anaingia na simu ya mama yake, ananionyesha picha, "Nataka kama hii," suruali iliyochanwa magotini na blauzi isiyofika kiunoni, na mama kasimama pembeni kama msindikizaji.

Lakini sikuandika kulalamikia mitindo, mshauri, nashona chochote ninachoambiwa. Nina binti mmoja, yuko darasa la sita, tulimpa jina la Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea. Mama yake alipougua ule ugonjwa ambao sote wawili tulijua hautamwacha, aliniomba nimpelekee mkasi na vitambaa kitandani, akawa anamkatia mtoto magauni, la kuvaa akifika miaka minne, la mitano, hivyo hivyo mpaka kumi na tano, kila moja akalifunga kwa utepe wake na kuliweka sandukuni, na kando ya kila kipande akaacha kitambaa cha ziada, upana wa kiganja, zaidi kabisa ya tulivyozoea, nikadhani ni mkono umekosa nguvu, kwa hiyo nikishona huwa naikata ile ziada gauni likae sawa. Aliniambia, "Mshonee moja kila mwaka, ajue kuna mtu alimfikiria."

Nimetii. Kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake gauni linatoka sandukuni, kola ileile, mikono ileile ya puto. Ila sijawahi kumwambia ni nani aliyeyakata, maana kila nikifungua mdomo naishia kuulizia habari za shule, nikawa nasema akikua nitamwambia, akikua nitamwambia, na mtoto ndiye huyo amekua.

Jumamosi iliyopita nimeona kwa macho yangu. Kaondoka nyumbani na gauni lake, akaingia kwa msusi jirani yetu, akatoka na jinzi ya binti wa msusi na fulana nyeusi, akapita mbele ya dirisha langu, ng'ambo ya barabara, anacheka na wenzake, cheko ambalo nyumbani kwangu sijalisikia siku nyingi, nami nikainama chini ya meza kama mwizi asinione. Jioni karudi ndani ya gauni lake, limepigwa pasi halina hata mkunjo. Nikamuuliza, "Umeshindaje, mama?" Akasema, "Salama." Neno moja, mshauri, Chiriku yule!

Dada yangu ndiye aliyenifumbua macho zaidi. "Kaka," akasema, "mtoto ameshanieleza. Kasema, 'Shangazi, baba ananivisha kama mwanasesere, wenzangu wananiita Bibi Harusi wa Zamani, lakini usimwambie.' Mnunulie jinzi yaishe!" Na msusi naye siku hizi ananisalimia huku anaangalia pembeni.

Sasa mwisho wa mwezi shule yao ina sherehe ya kufunga mwaka, siku hiyo hawavai sare, na gauni la mwaka huu liko mezani kwangu, limefunguliwa utepe tu. Nikimlazimisha naogopa nitampoteza huyu mmoja niliyebaki naye, nikiliacha naona kama namzika mama yake mara ya pili. Nifanye nini?

Baba Chiriku


Baba Chiriku,

Pole sana kwa mke, na pole kwa hofu uliyonayo. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili ilinibidi nitafute leso. Sasa nipishe nikukaripie.

Wewe mtu mzima, na ndevu zako, unajificha chini ya meza kumkimbia mtoto uliyemzaa? Naye kajificha kwa msusi anakukimbia wewe. Nyumba ina watu wawili na wote wako mafichoni! Watoto wa wenzako wanaingia dukani kwako na simu, unawasikiliza, unawashonea hata yaliyochanwa magoti. Wa kwako ndiye peke yake ambaye bado umemsimamisha juu ya stuli na kumwambia atulie. Kweli mganga hajigangi.

Halafu hebu mtazame huyo mtoto vizuri. Hajalichana gauni, hajalitupa, hajakujibu jeuri. Analitoa kwenye mfuko, anatafuta pasi kwa watu, analinyoosha, analivaa, ndipo anarudi kwako. Na kamwomba shangazi yake asikwambie. Mtoto anayekudharau hahangaiki hivyo, baba. Anadhani gauni ni chaguo lako na hataki kukuumiza.

Na kosa hapo ni lako. Marehemu alisema "ajue." Wewe umeshona, ukanyamaza, wosia umeutimiza nusu. Miaka yote hiyo binti yako amevaa kazi ya mikono ya mama yake akidhani ni ushamba wa baba. Huoni umemdhulumu?

Usingoje sherehe. Ukimaliza kusoma hapa, funga duka, mwite, weka sanduku katikati yenu na umwambie haya aliyakata mama yako alipokuwa kitandani. Machozi yakikutangulia, yaache, atakusubiri, ana zamu yake ya kulia naye. Ila nakuonya, usimwombe avae. Usithubutu kumwambia "mama yako angefurahi," maana hapo utakuwa umemfunga kamba, naye atalivaa kwa machozi. Muulize anataka kitambaa kile kiwe nini, umpe chaki achore. Akisema suruali, ni suruali. Akichora blauzi isiyofika kiunoni, hapo wewe ni baba, sema urefu unaoutaka na msikilizane. Na kesho pita kwa msusi umshukuru, mtoto wako alikuwa mikononi mwa mtu na hakumtangaza mtaani.

Nimebakisha ile ziada ya kiganja. Fundi mzima unaniambia ni mkono uliokosa nguvu! Mkono uliokosa nguvu hukosea huku na kule. Wa mkeo uliacha kipimo kilekile kwenye kila gauni. Huyo mwanamke alikuwa amekata nguo za watoto wengi, alijua wanavyobadilika. Hakujua wa kwake atakuwa mnene au mwembamba, wala miaka hiyo mabinti watakuwa wanavaa nini. Akamwachia nafasi ya kugeuza, na wewe kila mwaka umekuwa ukiikata na kuifagia.

Lile lililo mezani hujaligusa bado. Mkasi mpe Chiriku.