Maji Niliyoyashika Kikombeni

Mdogo wangu mpenzi Mwende,

Huku Mji wa Kale tu wazima, ila joto. Wanafunzi wangu wa ubatizo watabatizwa Jumapili. Jana mmoja wao, Nicodemus wa bandarini, alinitania, "Mwalimu, mwili huu wataka pipa zima!" Tukacheka. Kisha akauliza, "Na kitoto kikizidiwa, padri hayupo?"

Nikamjibu, "Yeyote aweza kukibatiza."

Mwende, nilikuambia nilimbatiza mwanao Morris kule wodini kabla hajafa. Sikumbatiza. Maji nilikuwa nayo. Niliona nikiyamwaga nitakuwa nimekubali kwamba anakufa, nikangoja apate nafuu. Miaka kumi na mmoja sasa, kila nikifundisha somo hilo namwona akinitazama, paji lake kavu.

Dadako, nisiyejua nimwombe nani msamaha kwanza,
Caroline