Mji Uliokataa Kuuchukua

Mpendwa Shangazi,

Assalaam aleikum huko ulikolala, Mungu azidi kukupanulia kaburi.

Jana baada ya Alasiri nilikukumbuka kwa sababu ya gemu ya televisheni. Usicheke. Wajukuu zako, wanangu Hawa na Shabani, walikuwa wanagombana. Gemu yenyewe ina hadithi: mtu anamtafuta ndugu yake katika nchi ya mvua. Hawa anataka atembee polepole, asikie mvua na maneno ya watu. Shabani anataka maadui wagumu.

"Bila ugumu hiyo ni filamu tu," akasema.

"Na weye ukikwama saa nzima, hadithi iko wapi?"

Wakaniomba niamue. Lakini moyo ulikuwa umesharudi uani kwako.

Mimi niliyezaliwa mwaka wa uhuru, na mdogo wangu Hamisi, tulikuwa tunakusaidia kupukuchua chikichi, mikono yote mafuta. Wewe unahadithia. Hadithi ikifika patamu, unaikata, unatega kitendawili. Tukishindwa tunakupa mji, unauchukua, unatwambia jibu, ndipo inaendelea. Mimi nilitoa miji haraka. Minago, chukua. Bugarama, chukua. Nilitaka sauti yako tu, na ile harufu ya mawese yakichemka. Hamisi hakutoa hata kijiji.

"Kaka anaogopa kufikiri," akanisema.

"Muache, kaka yako ni tajiri," ukamjibu. "Ana miji mingi."

Ukaja mwaka wa sabini na mbili. Watu wakauawa, sisi tukaukimbia mji wetu, Rumonge. Mchana ule tulilala kifudifudi katika michikichi ya Kigwena tukingoja mtumbwi wa kutuvusha ziwa, na wenye silaha wakawa wanapita barabarani. Hamisi akaanza kulia kwa kwikwi. Nilidhani utamziba mdomo. Ukamnong'oneza sikioni:

"Kitendawili. Nakiacha nyumbani, nakikuta mbele yangu. Jibu mutanipa ng'ambo. Atakayefungua mdomo kabla, ameshindwa."

Kwikwi ikakatika. Nilimwona amekunja uso, anafikiri. Hata mimi, siku hiyo sikutaka kutoa mji. Wale watu wakapita.

Ng'ambo, upande wa Kigoma, tulijaribu kila jibu: kivuli, jua, njaa. Ukatikisa kichwa. Mwisho Hamisi, yule asiyetoa hata kijiji, akachoka.

"Basi, Shangazi, chukua Rumonge."

Ukaacha kukoroga uji. "Huo sichukui, mwanangu. Huko tutarudi. Nipe mwingine."

Hatukukupa mwingine, na jibu hukulitoa mpaka Mungu alipokuita. Mimi nilirudi; nyumba yangu iko hatua chache tu kutoka pale uani. Hamisi alibaki Kigoma, na kila akipiga simu analeta jibu jipya. Juzi amesema ni sala. Sijui. Najua tu kwamba kwa kitendawili kile tuko hai, na kwa hadithi zako tulikuwa na hamu ya kufika kesho yake.

Sikuamua ugomvi wa watoto. Niliwaita uani, nikaanza hadithi yako, na ilipofika patamu nikawategea kile kile. Shabani akakunja uso kama Hamisi. Hawa hakungoja.

"Chukua Rumonge, baba, tuendelee."

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Huo sichukui, mwanangu. Nipe mwingine."

Murakoze, asante sana, Shangazi. Alhamdulillahi kwa kukupata wewe.

Mtoto wa kaka yako,
yule tajiri wa miji