Mama, Mjomba Saidi Hatarudi

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Hapa Kiegei tuko wazima. Mvua zimechelewa, mashamba tumeshasafisha, tunatazama mbingu tu. Kitanda chako anakilalia mjukuu wako Mwanahawa, lakini mimi nikipita pale mlangoni bado napiga hodi. Halafu nakumbuka.

Nakuandikia kwa sababu ya mdogo wako, Mjomba Saidi.

Arobaini yako tuliisoma Ijumaa. Tukiwa tunapakua pilau, akashuka mzee mmoja kwenye bodaboda, ametokea Ruangwa. Alisema anaitwa Bakari. Alinitazama mno, kisha akauliza, "Wewe ndiye mtoto wa kwanza wa Fatuma?" Nikamjibu ndimi. Akakaa chini palepale, hata mkeka hakungoja.

Mama, ulinisimulia mara nyingi vita ya Msumbiji. Wasichana mlivyotwanga mahindi ya wapiganaji waliokaa kambini Nachingwea, mikono ikatoka malengelenge. Nilikuuliza kama hamkuchoka kulisha wageni. Ukasema, "Walikuwa watoto wa watu, tena wembamba. Ungewanyima wewe?" Na Mjomba Saidi, ndevu hazijamwota, akajiunga na wabeba mizigo waliovuka Ruvuma na unga na risasi. Vita ikaisha, wapiganaji wakaondoka kwenye malori wakiimba, nawe ukasimama barabarani mpaka la mwisho likapita.

Hukukubali Mjomba asomewe khitma. "Hatumsomei mtu aliye safarini." Baba akijaribu kusema, ulikuwa unainuka unakwenda jikoni.

Mzee Bakari alikuwa naye, Mama. Walibeba pamoja. Ndege za Wareno ziliwakuta ng'ambo asubuhi, wakiwa wanapumzika. Mjomba aliumia tumboni. Aliomba maji, akapewa. Akakutaja wewe. Hakufika adhuhuri. Wenzake walimchimbia kaburi kwa mikono na sufuria, wakamwombea dua, wakaondoka mbio.

Ndugu yako alizikwa, Mama. Hakuachwa porini. Nimeona nikwambie hilo mapema, maana najua ndilo lililokuwa likikunyima usingizi.

Sasa lililo gumu. Mzee Bakari alipovuka kurudi alikuja hapa kwetu kukupa habari. Ulimlaki mbio, ukiwa na mimba yangu, tumbo limeshuka. Ukamwuliza, "Saidi umemwacha wapi?" Anasema aliliangalia lile tumbo. Akasema, "Anakuja, yuko nyuma." Ukacheka, ukamkaribisha uji. Alikusudia kurudi ukishajifungua. Hakurudi. Akahamia Ruangwa, akaoa, na kila mwaka uliopita ukaifanya njia ya Kiegei kuwa ndefu zaidi.

Yuko nyuma! Maisha yako yote, Mama, kwa maneno hayo mawili.

Nilimfukuza. Sikufichi, nilimfukuza mbele ya watu. Nilimwambia, "Ungekuja hata mwaka jana ungemkuta!" Alijikongoja hadi barabarani, akasimama pale juani, bodaboda yake imeshaondoka. Mimi nikaingia ndani nikalia. Mwanahawa ndiye aliyenifuata. Akasema, "Mama, yule babu hajala."

Nikajiuliza wewe ungefanya nini. Nikajua, na nikakukasirikia kwa kujua. Nikampelekea sahani mwenyewe. Alikula machozi yakimdondokea ndevuni, nami nimekaa pembeni. Sijamsamehe bado, Mama, sitaki kukudanganya. Lakini baada ya kula nilimpeleka kaburini kwako. Nikasogea mbali ili akuambie mwenyewe. Alikaa muda mrefu. Sijui alisema nini, na sikumwuliza.

Jioni ile nilimwomba shehe aliyetusomea arobaini asirudi kwao kwanza. Tukakaa tena, tukamsomea Mjomba Saidi. Jina lake lilipotajwa pamoja na ya marehemu wengine, Baba alijifunika uso kwa kanzu. Na mimi nilihisi nimekuvunjia neno lako. Nisamehe. Mjomba alikuwa amesubiri kusomewa kama ulivyomsubiri wewe.

Basi pumzika, Mama. Usimtazamie tena njiani. Kila Alhamisi nitawasomea nyote wawili, na siku nikifa mimi atashika zamu Mwanahawa, nimeshamfundisha jina la Mjomba. Na kama mmekwisha kuonana huko, basi habari hii unayo tayari, tena kwa kinywa chake mwenyewe, na mimi nimekuchosha bure.

Mwanao,
Zainabu