Mashine ya Grisi ya Kidosho

Dada yangu mpenzi,

Hujambo wewe, na wanangu hawajambo? Goti limeacha kukusumbua, au bado unapanda ngazi ukiguna? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, soma mwenyewe.

Tajiri wetu wa gereji amenunua mashine ya grisi inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa. Unaikalisha juu ya ndoo ya grisi, unavuta mpira wake mrefu, unabana, na lori zima linashiba kabla chai yako haijapoa. Unajua nimepiga grisi hapa kwa bomba la mkono tangu mwanao wa kwanza hajaota meno, mpaka kiganja kimekuwa kigumu kama kisigino. Nikasema haya, na mimi sasa nitapumzika. Thubutu! Mashine akapewa Kidosho.

Kidosho ni binti aliyeajiriwa juzijuzi. Jina hilo tumempa sisi kwa maringo yake. Kufuta vumbi kwenye nipeli, vile vichuchu vya kuingizia grisi, kabla ya kubandika bomba nimemfundisha mimi. Tajiri akasema eti ana mkono mwepesi. Madereva waliokuwa wakipiga honi getini na kuniita Mama Grisi, sasa wanakwenda moja kwa moja kwake, na mimi wananiuliza choo kiko wapi. Niliona wivu, dada, sikufichi. Nikimsikia anacheka, chakula kinanikwama. Hata ovaroli lake liliniudhi kwa kuwa safi.

Wiki iliyopita shemeji, huyo mumeo, alipoleta lori lake, nilikuwa nimeshakunja mikono na bomba langu liko tayari. Akaniambia kwa upole kwamba mzigo unamsubiri, acha apigiwe grisi na yule wa mashine. Shemeji yangu mwenyewe! Nikamjibu hakuna shida, huku ndani natokota.

Jana amerudi usukani mgumu, pini za magurudumu ya mbele zinalia. Alitueleza kwamba kwenye mteremko alikata kona kwa nguvu zake zote na lori likagoma, nusura aingie korongoni. Usishtuke, hana hata mkwaruzo. Tajiri alipokagua akakuta hamna grisi mpya hata chembe. Mashine ilisukuma hewa tupu. Alimfokea Kidosho mbele ya wateja, akamwambia akusanye vitu vyake, leo jioni ndiyo mwisho. Mashine nimekabidhiwa mimi. Shemeji naye akanipiga bega, akawaambia wote kwamba Mama Grisi angekuwa karibu siku ile, jambo hili lisingempita.

Nilikuwa karibu, dada.

Asubuhi ile Kidosho alibadilisha ndoo. Ndani yake hukaa sahani ya chuma, inalala juu ya grisi na kushuka nayo kadiri inavyopungua. Bila sahani mashine hunyonya hewa, na kunguruma inanguruma vilevile. Aliiegemeza ukutani, akaitwa na mteja, akaisahau. Niliiona, nikaitupia tambara. Nilitaka aaibike kidogo tu, madereva wamcheke. Kumbe gari la kwanza kuingia likawa la shemeji, na hata hapo nikanyamaza, kwa sababu hakunichagua mimi.

Lori lilipoondoka nikalitoa tambara. Kidosho akaiona sahani, akanijia mbio kuniuliza kama lile lori limepata grisi kweli. Nikamwambia limepata, nimeliangalia kwa macho yangu. Akaniamini, si mimi ndiye mwalimu wake? Jana akifokewa alinitazama tu. Hakunitaja.

Leo nimelipiga lori la shemeji grisi kwa bomba la mkono, nipeli moja baada ya nyingine, hadi grisi mpya ikatokeza pembeni. Atakufikia salama. Sasa hivi anakunywa chai akingoja barua hii, na Kidosho anakunja ovaroli lake. Nikishaifunga kwa gundi naingia ofisini kwa tajiri, na nitawaita wote wawili wasikie. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate mlango wa kutorokea.

Nisalimie wanangu, na huyo kitinda mimba umbusu kwa niaba yangu. Shemeji akikupa barua hii amenuna, ujue nimesema. Akikupa huku anacheka, basi nimeogopa. Mwambie wewe, dada, usinionee haya.

Mdogo wako,
Mama Grisi